Moto Usio na Makaa

Mama alipoiona meza yetu ya moto kwa mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi wa akika. Kisha akauliza, "Makaa yako wapi?"

"Haina makaa, Mama. Ni gesi."

Akainama, akachungulia chini, akauona mtungi. "Sasa mtachomea nini?"

Nilicheka. Ilinichukua karibu miezi miwili, mkono wa mtoto ulioungua na zaidi ya dola 300 ambazo hatukuzipangia, ndipo nikaelewa kwamba Mama alikuwa ameuliza swali lenyewe.

Tunaishi Minnesota, kaskazini kidogo ya Minneapolis, nyumba yenye ua mdogo wa nyasi na kipande cha sakafu ya zege nyuma. Majira ya joto ya huku ni mafupi, na watu huyavamia kama futari. Mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku, na kila ua unanukia nyama. Mwaka huo Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na dada yangu akatuletea watoto wake wawili kutoka Ohio wakae nasi wiki sita. Jumla wakawa watoto watano, na wimbo wao ulikuwa mmoja: jirani ana moto, sisi hatuna.

Kitu chenyewe ni meza fupi ya chuma. Katikati kuna beseni, ndani ya beseni kuna bomba la duara, mfano wa pete, lililotobolewa matundu madogo, na juu yake yamepangwa mawe. Gesi inatoka kwenye matundu, inapita kati ya mawe, unawasha, unapata moto wa kuota na kuutazama. Watoto wana jina lake la Kiingereza. Mama aliiita meza ya moto, na likabaki hilo.

Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, dola 140. Mpya zilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Haikuwa na mfuniko wala karatasi ya maelekezo, nami sikuuliza. Mtu akiniuzia gari bila kadi nitamkimbia, lakini kitu cha moto nilikipakia nyuma ya gari nikijiona mjanja. Namba ya modeli ilikuwa kwenye kibati chini ya meza, na kwa namba hiyo ningekipata kitabu chake mtandaoni kwa dakika tano. Nilikitafuta baada ya ajali. Kurasa za mwanzo kabisa kimeandika kwa herufi nene kwamba si jiko la kupikia.

Nianze na gesi, maana hapo ndipo nilipojidanganya kwanza. Mimi nimepikia gesi tangu Tanga, mtungi wa kilo 6 jikoni, nikajiona mwenyeji. Mtungi wa huku unaotumika kwa meza hizi ni wa paundi 20, yaani kama kilo 9, na ndani yake ni propeni. Kwetu mitungi huwa na mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni ikifika kwenye baridi ya barafu haigeuki tena kuwa mvuke, kwa hiyo Minnesota ingekuwa hasara tupu. Zote mbili zina tabia moja ambayo jikoni kwangu sikuwahi kuifikiria: ni nzito kuliko hewa. Gesi ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inashuka, inajikusanya mahali pa chini, na kwenye meza yangu mahali pa chini ni lile beseni.

Siku ya kwanza nilifungulia gesi, nikabonyeza kitufe cha cheche. Tik, tik, tik, kimya. Nikaendelea kubonyeza huku gesi iko wazi, labda nusu dakika. Cheche ilipokubali, beseni zima lilishika kwa mkupuo mmoja, *bwuuu*, na moto ukasimama hadi usawa wa kifua changu. Nilipoteza vinyweleo vya mkono wa kulia na ncha ya mtandio. Mtandio ulikuwa wa nailoni, ile ncha ikajikunja ikawa kitone kigumu cheusi. Nilikitazama kile kitone kwa muda mrefu kuliko nilivyoutazama mkono, kwa sababu nguo ya namna ile haiishii kuungua, inayeyuka na kugandia mwilini. Tangu siku hiyo hakuna dera la mikono mipana wala mtandio unaoning'inia karibu na moto ule. Mama alikubali kufunga kanga kiunoni na kuvaa fulana ya mume wangu, na picha tunazo.

Cheche ikigoma, funga gesi, ondoka, subiri dakika tano nzima ndipo ujaribu tena. Na kabla ya yote, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi na regulata (kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini), fungulia mtungi bila kuwasha, uangalie mapovu. Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mabomba, alinifanyia hivyo kesho yake baada ya kusikia ule mlipuko, na mapovu yakachemka kama sufuria ya chai. Mpira ulikuwa umepasuka vimstari kwa uzee. Mpira mpya na regulata yake, dola 40. Alinionyesha jambo jingine pia: mtungi unafunguliwa polepole, huku swichi ya meza ikiwa imefungwa. Ukiufungua kwa pupa, kizuizi cha usalama kilichomo kinadhani mpira umekatika na kinabana gesi, na utakaa jioni nzima na kimoto cha mshumaa ukidhani umeuziwa mtungi mtupu. Mimi nilikuwa nimesharudisha mtungi mmoja dukani kwa sababu hiyo.

Mawe sasa. Yaliyokuja na meza yalikuwa machache, mawe ya volkano, mepesi yenye vitundu. Watoto wakaona yamepwaya. Jumamosi tulikwenda ziwani, tukarudi na ndoo ya mawe laini, mazuri ajabu, mekundu na ya kijivu, tukayapanga. Moto haukumaliza robo saa. Jiwe moja likalia kama bastola, kipande kikapita kati ya viti viwili na kugonga ukuta wa nyumba. Hakuna aliyeguswa, na hilo si kwa akili yangu. Jiwe lililokaa majini hubeba unyevu ndani yake. Moto unaugeuza kuwa mvuke, mvuke unakosa pa kutokea. Mfuko wa mawe ya volkano ulikuwa dola 30. Hata hayo nayo yakinyeshewa hupasuka na kurusha vipande, kwa hiyo nikanunua mfuniko wa turubai, dola 45, na yakilowa kwa bahati mbaya tunawasha moto mdogo bila mtu kukaa karibu hadi yakauke.

Kuchoma tulianza na mahindi, kwa heshima ya Mama. Mahindi ya huku ni yale matamu, yana maji mengi, hayana ule ugumu wa gunzi la Lushoto linalokuacha ukitafuna hadi taya ziume. Nililishika hindi kwa koleo juu ya ndimi za moto. Kwa dakika mbili likawa jeusi, nikafurahi, nikalipaka ndimu na pilipili na chumvi, nikampa Mama. Alipitisha kidole juu ya punje, akanionyesha kidole. Masizi matupu. Chini yake hindi lilikuwa bichi.

"Nilikuuliza utachomea nini," alisema.

Hapo ndipo penyewe. Sisi hatuchomi kwa moto, tunachoma kwa kaa. Unawasha, unapepea, unangoja ndimi zife na jivu jeupe lianze, ndipo hindi linapanda jikoni. Jiko la gesi la ndani linaleta moto wa bluu, safi, kwa sababu gesi imechanganywa na hewa ya kutosha kabla ya kuungua. Meza ya moto imetengenezwa ipendeze, na moto unaopendeza ni wa manjano, na umanjano huo ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Ukiingiza chakula ndani ya ulimi wa manjano unakipaka moshi wa gesi. Moto huo hauna kaa na hautakuwa nalo hata ungoje usiku kucha. Joto lake zuri liko pembeni ya ulimi na juu ya ncha yake.

Kwa hiyo mahindi yakahamia kwenye jiko la kuchomea nyama, na nyama haikuwahi kukaribia ile meza. Mishikaki inadondosha mafuta, mafuta yakiingia kati ya mawe yanashika moto mahali ambapo huwezi kuyafikia. Majiko ya nyama ya gesi yana vibati juu ya mabomba na tundu la kupitishia mafuta. Meza haina. Tukabaki na vitu vitamu: vipande vya nanasi, ndizi mbivu na, juu ya vyote, mashimelo, ambayo ndiyo watoto walikuwa wakiyalilia tangu mwanzo.

Kwa wasioyajua, mashimelo ni peremende laini nyeupe, imejaa hewa, mfano wa pamba. Unaichoma kwenye kijiti hadi iwe kahawia, unaibana kati ya biskuti mbili na kipande cha chokoleti. Waislamu wenzangu, someni pakiti: mengi yanatengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Yapo ya jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali na ya samaki, kwenye maduka yetu na siku hizi hata mtandaoni. Mimi nililigundua hili nikiwa na pakiti mbili wazi mezani na watoto watano wamenyoosha mikono. Tulimgawia jirani.

Ajali ilitokea Jumapili ya mwisho wa Julai, tukiwa na pakiti ya halali. Vijiti vilikuwa vya mishikaki, vile vya mianzi vya sentimita 25, kwa hiyo kila mtoto alilazimika kuinama juu ya meza. Watoto watano wamebanana upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa na moshi wa dawa ya mbu. Nilikuwa nimegeuka kuchukua biskuti. Mpwa wangu wa miaka kumi aliiacha yake ikaingia ulimini, ikashika moto. Akafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akishika kitu kinachowaka: akaitikisa kwa nguvu. Mashimelo ikachomoka, inawaka, ikatua kwenye mkono wa binti yangu wa miaka sita, karibu na kiwiko.

Maji yanayochemka ni nyuzi 100. Sukari inayoanza kuwa kahawia imeshapita 150, na haimwagiki kama maji, inang'ang'ania. Binti yangu alijaribu kuifuta kwa mkono wa pili na sasa ikawa mikono miwili.

Nilifanya mambo matatu kwa sekunde chache na mawili kati yake yalikuwa makosa. Nilipiga kelele. Nikajaribu kuibandua ile sukari kwa kucha, na ikatoka na kipande cha ngozi. La tatu lilikuwa kumbeba hadi kwenye bomba la bustani. Mama tayari alikuwa ameingia ndani na kutoka mbio na dawa ya meno.

Sikuwahi maishani kumkatalia Mama jambo la tiba mbele ya watu. Yeye ndiye aliyenipaka dawa ya meno nilipoungua na uji nikiwa na umri huohuo. Nilisema, "Mama, nakuomba, maji kwanza." Akasimama na ile tyubu mkononi. Aliyetuokoa ni jirani fundi, aliyekuwa akisikia kila kitu juu ya ua: "Dakika ishirini! Usiitoe mikono majini!" Tukakaa na binti yangu chini ya maji ya kawaida, si ya barafu, dakika ishirini tukitazama saa. Mama aliivua bangili ya mkono ule kabla haujavimba, jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Maji yale yalipoza, na sukari iliyobaki ikayeyuka yenyewe, taratibu, bila mtu kuivuta. Kisha tukafunika kwa nailoni safi ya jikoni, ile ya kufungia vyakula, bila kukaza, tukaenda kliniki.

Daktari aliyemhudumia alisema maji ndiyo yaliyosaidia, na kwamba dawa ya meno, yai, siagi na asali vinafunika joto na kumpa yeye kazi ya kuvisugua baadaye kwenye kidonda. Nilimtafsiria Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wewe nilikutesa bure," na hatukulizungumza tena hadi tulipofika nyumbani. Tulilipa dola 100 baada ya bima. Alama ipo mpaka leo, ukubwa wa sarafu. Mpwa wangu alilia kuliko aliyeungua, akala chakula chumbani siku mbili, na ikabidi nimwambie waziwazi kwamba kosa lilikuwa langu mimi niliyempa kijiti kifupi na kugeuka.

Nilitaka kuiuza meza. Mume wangu akasema tusiiuze kwa hasira, na kwa kweli ilikuwa haiuziki: moto ulikuwa umeanza kutoka upande mmoja tu na kujizima. Tulipoondoa mawe tukakuta pete imepakwa sukari nyeusi ngumu kama lami, robo ya matundu yameziba. Nilijaribu kuyazibua kwa kijiti cha kuchokolea meno, na kikavunjikia ndani. Kitu cha kutumia ni waya mwembamba, hata kibanio cha karatasi ulichokinyoosha, pete ikiwa baridi na mtungi umefungwa na kuchomolewa. Yangu ilikuwa imeshaliwa na kutu pia. Pete mpya, dola 90. Hapo ndipo hesabu ilipopita 300, na hapo ndipo hatimaye nilipokaa chini kusoma kile kitabu.

Tulirudi kuchoma wiki mbili baadaye, kwa utaratibu ambao nusu yake ni wa Mama. Vijiti sasa ni vya chuma vyenye mpini wa mbao, karibu mita moja. Usiokote tawi la mti usioujua. Mingine ina sumu, na tawi unalichomeka ndani ya kitu utakachokila. Wanachoma wawili wawili, wamekaa kwenye viti, wengine wako nyuma ya kamba niliyoilaza chini mita moja kutoka mezani. Aliyesimama hachomi. Moto unashushwa hadi ndimi ziwe fupi, zisizozidi kiganja. Mashimelo inashikwa pembeni mwa beseni, si juu ya pete, ili ikidondoka idondokee kwenye ukingo wa chuma tuliouzungushia karatasi ya alumini, bila kuziba popote hewa inapopita. Shubiri moja kutoka kwenye ulimi, unaizungusha kama unavyozungusha hindi, dakika mbili. "Usiitie motoni," Mama aliwaambia, nami nikitafsiri. "Ipe joto, itaiva yenyewe kwa aibu." Hilo la aibu lilinishinda kulitafsiri, lakini walicheka.

Ikishika moto, inapulizwa. Haitikiswi. Walifanya mazoezi na kijiti kitupu, kila mmoja, hadi ikawa mchezo. Ikiiva inakaa sahanini wakihesabu hadi sitini kwa Kiswahili, kwa sababu nje hupoa mapema na ndani bado ni uji wa moto. Wa Ohio walijifunza namba zao hapo.

Ndoo ya maji safi inakaa kando ya kiti changu. Hiyo ni ya mikono, si ya moto. Moto wa gesi ukileta matata unafunga mtungi kwanza, na kizimamoto cha unga kipo mlangoni. Tukishazima, mawe yanabaki na moto wake muda mrefu, zaidi ya nusu saa, bila kuonyesha dalili yoyote. Kaa la mkaa hukuonya kwa wekundu. Jiwe jeusi gizani halikwambii kitu, kwa hiyo mtu mzima mmoja hubaki nje hadi lipoe.

Septemba baridi ilipoanza kuuma, mume wangu alipendekeza tuisogeze ndani ya gereji, mlango tukiuacha wazi. Sikuhitaji kitabu kwa hilo. Kila mtu aliyekulia Tanzania ameshasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na hawakuamka. Gesi inayoungua nayo hutoa hewa hiyohiyo ya sumu, isiyo na harufu, na moto wa manjano huitoa zaidi ya wa bluu. Mtungi nao hauruhusiwi kulala ndani. Unalala nje, umesimama wima.

Mama alirudi Tanga mwishoni mwa mwezi huo na pakiti nne za mashimelo kwenye sanduku. Siku ya pili akanipigia. Alikuwa amewachomea wajukuu na watoto wa jirani, kwenye jiko la vifuu, ndimi zikiwa zimekwisha na kaa limeiva. Yalikuwa matamu kuliko ya kwangu, alisema, na hayana masizi.

Nikamuuliza kama aliweka maji karibu.

"Ndoo nzima," alisema. "Na kata juu yake."